SAMAKI ALIYETOKA KATIKA MAWE
Namna silikanti alivyotambuliwa na kupewa jina lake



Mtu wa pwani akiwekewa samaki mbele yake hachukui muda kumtaja. Huyu ni changu, huyu ni tasi, huyu ni kolekole, huyu ni nguru. Hakufundishwa na kitabu. Amejua kwa macho na mikono yake tangu utoto. Hutazama kinywa, hutazama mapezi, hutazama rangi na magamba, na jina huja lenyewe. Lakini mtu huyo huyo akiletewa samaki ambaye hakuonekana na babu yake wala na babu wa babu yake, atafanyaje? Na akiambiwa kwamba samaki wa namna hiyo walikwisha duniani zamani sana, kabla mwanadamu hajakuwako, naye anamwona mbele yake bado analowa maji ya bahari, je, atasadiki macho yake au atasadiki vitabu?

Jambo hili si hadithi ya kubuni. Lilitokea kweli katika Afrika ya Kusini mwaka 1938, likaendelea katika visiwa vya Komoro mwaka 1952, na hata pwani ya Kenya na ya Tanzania zimekuwa na sehemu yake katika habari hii. Samaki mwenyewe huitwa silikanti.

SAMAKI HUGEUKAJE JIWE?

Yafaa kwanza kueleza namna wenye elimu wanavyowajua samaki wa kale. Samaki akifa baharini, mara nyingi huliwa na wengine, na mifupa yake hutawanyika. Lakini mara chache huzama mahali penye matope laini, akafunikwa upesi. Nyama yake huoza, bali mifupa, miiba na magamba hubaki. Tope jingine huja juu yake, na jingine tena, miaka kwa maelfu na maelfu. Uzito ule hulikandamiza tope la chini hata likawa jiwe, na mifupa iliyomo hugeuka jiwe pamoja nalo. Siku moja mchimbaji hupasua jiwe hilo, naye huona ndani yake umbo la samaki, limelala bapa kama jani lililosahauliwa katikati ya kitabu. Masalio ya namna hiyo siku hizi huitwa visukuku.

Basi, bingwa wa visukuku ana taabu ambayo mvuvi hana. Hapati rangi, hapati nyama, hapati moyo wala ini. Ana mifupa tu, tena pengine nusu yake. Ni kama mtu aliyeonyeshwa mlango, dirisha na boriti tatu, akatakiwa aeleze nyumba nzima ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo hutazama kwa uangalifu mkubwa vile vitu vigumu vilivyosalia: mkia una umbo gani, mapezi ni mangapi na yamekaa wapi, magamba yana alama gani, na mifupa ya kichwa imeungana namna gani. Kisha hulinganisha masalio hayo na mengine yaliyokwisha kupatikana.

Akisha kulinganisha, humpa samaki majina mawili kwa desturi iliyoanzishwa na Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, katika karne ya 18. Jina la kwanza ni la jamaa yake, na la pili ni lake mwenyewe, kama vile mtu anavyotajwa kwa ukoo wake na kwa jina alilopewa na wazazi. Majina hayo huandikwa kwa namna ya Kilatini ili mtaalamu wa Nairobi na mtaalamu wa Tokyo wajue kwamba wanamsema kiumbe mmoja.

Katika miaka ya 1830 mtaalamu mmoja wa Uswisi, Louis Agassiz, aliyekuwa bingwa mkuu wa samaki wa mawe wakati huo, alichunguza masalio yaliyotoka katika mawe ya Uingereza. Akaona ya kuwa miiba ya samaki huyo ilikuwa na uwazi ndani, kama mwanzi. Akampa jina lenye maana ya “mwiba mtupu”, na jina hilo ndilo asili ya neno silikanti.

Baadaye masalio ya ukoo huo yalipatikana katika nchi nyingi. Ya kale kabisa yalikuwa katika mawe ya miaka kiasi cha milioni 400. Lakini katika mawe machanga kuliko miaka milioni 66 hivi, hakuonekana hata mmoja. Ukoo wote ulikuwa kama umezimika wakati ule ule walipokwisha wale mijusi wakubwa waitwao dinosaria. Kwa hiyo vitabu viliandika kwamba silikanti wamekwisha, na wanafunzi wakafundishwa hivyo katika vyuo vyote.

SIKU TATU KABLA YA KRISMASI

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi iitwayo Nerine ilirudi katika bandari ya East London, Afrika ya Kusini. Nahodha wake, Hendrik Goosen, alikuwa amekokota wavu karibu na mlango wa mto Chalumna, penye kina cha pima 40 hivi. Nahodha huyo alikuwa na desturi njema ya kuweka kando samaki wa ajabu, ili mkuu wa nyumba ya makumbusho ya mji awatazame. Mkuu huyo alikuwa mwanamke kijana wa miaka 31, Bibi Marjorie Courtenay-Latimer.

Siku hiyo Bibi Latimer alikuwa na kazi nyingi, na nusura asiende bandarini. Lakini aliona ni adabu kwenda kuwaamkia mabaharia kwa ajili ya Krismasi. Akapanda melini, akatazama lile fungu la papa na taa lililokuwa juu ya sitaha, na chini yake akaona pezi la rangi ya buluu limechomoza. Alipowaondoa wale wa juu, akaona samaki ambaye hakupata kuona mfano wake. Urefu wake ulikuwa kiasi cha futi 5, uzito wake ratili 127. Rangi yake ilikuwa buluu yenye kuelekea zambarau, na madoa meupe yenye kung’aa kama fedha. Magamba yake yalikuwa magumu kama ngao. Mapezi yake hayakushikana na mwili kama ya samaki wengine, bali yalikaa juu ya vikono vya nyama, kama miguu mifupi. Na mkia wake ulikuwa na kijimkia kingine katikati.

Taabu yake ilianza hapo. Mwenye teksi hakutaka kumpakia samaki anayenuka, ikawa kushindana naye hata akakubali. Bibi Latimer alitafuta katika vitabu vyake vichache asimpate aliye sawa naye. Mkuu wa baraza la makumbusho alipoitwa kumtazama, alisema huyo ni chewa tu, wala hakuna haja ya kuhangaika. Ilikuwa ni wakati wa joto, na East London haikuwa na mahali pa kumhifadhi samaki mkubwa namna ile. Aliomba nafasi katika chumba cha maiti cha hospitali, akakataliwa. Aliomba katika ghala ya barafu, akakataliwa vile vile.

Mtu mwingine angekata tamaa na kumtupa. Yeye hakufanya hivyo. Alimfunga samaki kwa magazeti na shuka zilizoloweshwa dawa ya fomalini, ambayo mji mzima ulikuwa nayo kidogo tu. Kisha tarehe 23 Desemba akaandika barua kwa Bwana J. L. B. Smith, mwalimu wa kemia katika chuo cha Rhodes, Grahamstown, aliyejifunza habari za samaki kwa mapenzi yake mwenyewe hata akawa bingwa. Ndani ya barua akatia picha aliyoichora kwa mkono wake, pamoja na vipimo.

PICHA YA KALAMU

Bwana Smith hakuwako Grahamstown. Alikuwa likizoni Knysna, zaidi ya maili 300 kutoka East London, na barua ikamfikia tarehe 3 Januari 1939. Aliisoma, kisha akaigeuza na kuitazama ile picha. Ilikuwa picha ya haraka, isiyo na madaha yo yote. Lakini aliyeichora alikuwa mtu mwenye macho: alikuwa ameonyesha mapezi yenye vikono, alikuwa ameonyesha magamba makubwa, na alikuwa ameonyesha kile kijimkia cha katikati.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Alama zile zilizokuwa katika picha ndizo zile zile ambazo mabingwa wa visukuku hutumia, kwa kuwa ni vitu vigumu vinavyobaki katika mawe. Mtaalamu aliyejua samaki wa baharini tu asingeona kitu ila samaki wa ajabu. Mtaalamu aliyejua visukuku tu pengine asingeletewa barua. Smith alijua kidogo ya huku na mengi ya huko, na mawazo hayo mawili yakakutana kichwani mwake. Picha ilifanana na samaki wa mawe.

Alipeleka simu mara moja akimwomba Bibi Latimer ayahifadhi mifupa na matamvua ya samaki huyo. Simu hiyo ilichelewa. Kwa ajili ya joto, samaki alikuwa ameanza kuoza na kutoka mafuta, na Bibi Latimer alikuwa amelazimika kumpa fundi wa kujaza ngozi za wanyama. Fundi alikuwa ameiokoa ngozi, kichwa na baadhi ya mifupa. Nyama, matumbo na matamvua vilikuwa vimekwisha tupwa, na ijapokuwa vilitafutwa, havikupatikana.

Wasikilizaji na wapime wenyewe hasara hiyo. Kwa kumtambua samaki, vilivyobaki vilitosha, kwa sababu mawe nayo hayana zaidi ya hivyo. Lakini vile vilivyotupwa ndivyo ambavyo mawe hayangeweza kuonyesha kamwe: moyo wake, ubongo wake, namna anavyopumua, namna anavyozaa. Nafasi iliyongojewa miaka milioni 66 ilifika, ikapita.

Smith hakukimbilia kutangaza. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Akisema kwamba silikanti yu hai, kisha ikaonekana kwamba amekosea, wenye elimu wa dunia nzima wangemcheka, na jina lake lingeharibika maisha. Akaagiza vitabu, akapata kuona magamba machache yaliyoletwa kwa posta, akalinganisha na kulinganisha tena. Tarehe 16 Februari 1939 aliingia katika nyumba ya makumbusho ya East London, akamwona samaki mwenyewe kwa macho yake. Shaka yote ikamwondoka.

Mwezi wa Machi 1939 habari ilichapishwa katika gazeti la elimu la Nature la Uingereza. Smith aliona kwamba samaki huyu amefanana sana na Macropoma, silikanti ambaye masalio yake yamo katika chokaa nyeupe ya Uingereza. Lakini Macropoma alikuwa mdogo zaidi, na tofauti zao zilitosha kumfanya huyu awe na jina la peke yake. Akamwita Latimeria chalumnae: jina la kwanza kwa heshima ya Bibi Latimer aliyemwokoa, na la pili kwa ajili ya mto Chalumna alikovuliwa karibu nao.

ZAWADI YA SHILINGI 2,000

Samaki mmoja aliyejazwa hakutosha kueleza mambo yote. Smith alitaka mwingine, mzima, mwenye matumbo yake. Vita Kuu ya Pili ikazuia kazi. Vita vilipokwisha, alichapisha karatasi yenye picha ya silikanti na maneno ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi paundi 100 kwa kila mmoja wa samaki wawili wa kwanza watakaopatikana. Katika fedha ya Afrika ya Mashariki wakati huo, paundi 100 zilikuwa shilingi 2,000, na kwa mvuvi zilikuwa mali ya kubadili maisha. Karatasi hizo zikasambazwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki na visiwani.

Mwaka 1952 Smith na mkewe Margaret walikuwa Unguja, nao wakakutana na nahodha mmoja Mwingereza, Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara na visiwa vya Komoro kwa merikebu yake ya matanga. Hunt akachukua karatasi zile na kuzieneza Komoro.

Usiku wa tarehe 20 Desemba 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah wa kisiwa cha Anjouan, ambacho wenyewe hukiita Nzwani, alivua kwa mshipi samaki mkubwa mwenye magamba magumu karibu na mji wa Domoni. Kwake hakuwa samaki wa ajabu. Wavuvi wa Komoro walimjua tangu zamani, wakamwita gombessa. Hawakumpenda sana, kwa kuwa nyama yake ina mafuta na huendesha tumbo. Inasimuliwa kwamba magamba yake yenye kukwaruza yalitumika kwa kusugua mpira wa baiskeli kabla ya kutia kiraka.

Samaki alipelekwa sokoni ili akatwe. Hapo akatokea mwalimu wa shule, Affane Mohamed, ambaye alikuwa ameiona ile karatasi. Alimtazama samaki, akaikumbuka picha, akamwambia mvuvi asimkate. Wakambeba, wakavuka milima ya kisiwa hata mji wa Mutsamudu, ambako merikebu ya Hunt ilikuwa imetia nanga. Hunt akamtia chumvi, baadaye akapata fomalini, akampelekea Smith simu.

Yafaa kuzingatia jambo hilo. Miaka 14 wenye elimu walikuwa wakiuliza silikanti yuko wapi, na wakati wote huo watu wa Komoro walikuwa wakimvua, wakimwuza, na wakimtajia jina. Maarifa yalikuwako, yaliyokosekana ni daraja kati ya mvuvi na mtaalamu. Daraja hilo liliwekwa na mwalimu wa shule aliyeitazama karatasi vizuri, asiisahau.

KOSA LA BINGWA

Simu ya Hunt ilimkuta Smith melini katika bandari ya Durban, siku ya kuamkia Krismasi. Hofu ya mwaka 1938 ikarudi: joto lile lile, fomalini haba vile vile, na samaki yuko mbali. Smith alimpigia simu Dakta D. F. Malan, Waziri Mkuu wa Afrika ya Kusini, akaomba ndege ya jeshi, akapewa. Tarehe 29 Desemba 1952 alitua katika kisiwa kidogo cha Pamanzi, Mayotte. Alipofunuliwa sanduku akamwona samaki, alipiga magoti akalia machozi.

Lakini alipomchunguza alishangaa. Silikanti huyu hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni, wala hakuwa na kile kijimkia cha katikati. Smith akaamua kwamba hii ni aina nyingine, tena si aina tu, bali ni jamaa nyingine kabisa. Akamwita Malania anjouanae, kwa heshima ya Malan aliyempa ndege na kwa jina la kisiwa. Hivyo mkuu wa serikali iliyoweka sheria za ubaguzi wa rangi katika Afrika ya Kusini akapata samaki wa jina lake, na mvuvi aliyemvua akapata paundi 100.

Jina hilo halikudumu. Wafaransa, ambao wakati huo walikuwa wakitawala Komoro, waliwazuia wageni wasichukue tena samaki hao, wakaanza uchunguzi wao wenyewe. Mwezi wa Septemba 1953 silikanti mwingine alipatikana kisiwani Anjouan, na baada yake wengine. Wote walikuwa na pezi la mgongoni na kijimkia. Ikadhihirika kwamba samaki wa Ahamadi alikuwa wa aina ile ile ya Latimeria chalumnae; ila alikuwa kilema. Zamani katika maisha yake alikuwa amejeruhiwa, pengine kwa kuumwa na samaki mwingine, akapona bila viungo hivyo.

Kosa hilo halimshushi Smith. Linafundisha sheria kubwa ya kutambua viumbe: mmoja hatoshi. Mtu aliyemwona ng’ombe mmoja tu, naye amevunjika pembe, asiandike kwamba ng’ombe wa nchi hiyo wana pembe moja. Mabingwa wa visukuku wamo katika hatari hiyo kila siku, kwa maana mara nyingi mfano walio nao ni mmoja, tena umevunjika. Ndiyo sababu majina ya samaki wa mawe hubadilishwa mara kwa mara, na mwenye elimu ya kweli haoni aibu jina alilolitoa likifutwa.

Wafaransa, wakiongozwa na Jacques Millot na Jean Anthony, walimpasua silikanti kiungo kwa kiungo na kuandika kila walichokiona. Badala ya uti wa mgongo wa mifupa, ana mrija mnene uliojaa umajimaji. Fuvu lake lina kiungo katikati kinachomwezesha kufumbua kinywa sana. Mwaka 1975, silikanti jike aliyekuwa amehifadhiwa katika makumbusho ya New York alipasuliwa, wakaonekana ndani yake watoto watano wenye maumbo kamili. Ikajulikana kwamba silikanti hatagi mayai, bali huzaa. Hayo ndiyo mambo ambayo jiwe lisingeyasema.

SULAWESI NA PWANI HII

Swali la aina lilirudi tena mwaka 1997. Mtaalamu mmoja Mmarekani, Mark Erdmann, na mkewe Arnaz Mehta walimwona silikanti katika soko la Manado, kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, maili elfu nyingi kutoka Komoro. Mwaka uliofuata wakapata mwingine. Umbo lake lilikuwa kama la Komoro, lakini rangi yake ilikuwa ya hudhurungi. Kwa mapezi na magamba peke yake ingekuwa vigumu kuwatenganisha. Wataalamu wakapima zile chembe za urithi ambazo kila kiumbe hupokea kwa wazazi wake, wakaona tofauti iliyoonyesha kwamba koo hizo mbili zimetengana kwa miaka mamilioni. Mwaka 1999 yule wa Indonesia akapewa jina la Latimeria menadoensis. Hivyo leo aina zilizo hai zinazojulikana ni mbili.

Na pwani hii? Mwaka 2001 silikanti jike wa uzito wa kilo 77 alinaswa na wavu wa meli ya uvuvi nje ya Malindi, Kenya. Kuanzia mwaka 2003 walianza kupatikana Tanzania, kwanza upande wa kusini, kisha wengi zaidi karibu na Tanga, katika nyavu za jarife zinazotegwa kilindini kwa ajili ya papa. Chembe za urithi za samaki wa Tanga zilipopimwa, wakaonekana kuwa wa aina ile ile ya Komoro, lakini ni kundi lililojitenga kwa muda mrefu. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilitenga hifadhi ya bahari ya silikanti huko Tanga.

Mwaka 2013 urithi wote wa silikanti ulichapishwa. Zamani baadhi ya watu walidhani kwamba huyu, mwenye mapezi kama miguu, ndiye aliye karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu. Hesabu ilionyesha kwamba aliye karibu zaidi ni ndugu yake mwingine, yule kamongo ambaye watu wa Ziwa Viktoria humvua katika matope na kumla bila kumstaajabia.

YA KUKUMBUKA

Silikanti hukua polepole mno. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 umeonyesha kwamba aweza kuishi miaka 100 hivi, na kwamba jike huchukua mimba kiasi cha miaka 5. Samaki wa namna hiyo akivuliwa, pengo lake halizibiki upesi. Mataifa yamekatazana biashara yake, na mvuvi atakayemkuta katika wavu wake yampasa amrudishe majini akiwa hai, au kama amekufa, ampashe habari Bwana Samaki wa wilaya bila kukawia, wala asimpasue.

Habari hii ina watu wengi ndani yake, na kila mmoja alifanya jambo dogo lililo katika uwezo wake. Nahodha aliweka kando samaki asiyemjua. Mwanamke kijana alikataa kuamini kwamba ni chewa tu, akachora alichokiona wala hakuongeza alichokidhani. Mwalimu wa kemia alijizuia kusema mpaka alipohakikisha, kisha akakosea, na wengine wakamsahihisha. Mwalimu wa shule ya Domoni aliikumbuka picha. Mvuvi alisikia, akazuia kisu.

Laiti mmoja wao angalisema, “Haya hayanihusu,” kitabu kingaliendelea kusema kwamba silikanti amekwisha, na samaki mwenyewe angaliendelea kuogelea chini ya ngalawa za watu, akingoja mtu wa kumtazama vizuri.